Mwalimu wa Klachi na Gari la Mkewe

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu alifundisha watu kuendesha gari, na mjini pale hakukuwa na mtaa usio na mwanafunzi wake. Madereva wa malori, makarani, mabibi harusi watarajiwa, wote walipitia mikononi mwake, na wote walikemewa. "Asiyejua gia za mkono hajui gari," alizoea kusema. "Huyo anabebwa tu, kama gunia."

Aliyeacha mafunzo yake njiani alikuwa mmoja tu, mkewe.

Mkewe alikuwa mkunga. Ndoa yao ilipokuwa bado mbichi, Mwalimu alimfundisha siku tatu. Siku ya nne mke akasema ana nguo za kufua, ya tano vilevile, na habari ikaishia hapo. Sasa goti la kushoto lilikuwa likimsumbua, na kituo chake cha kazi kilikuwa kimehamishiwa upande wa pili wa mji. Jioni moja, akimenya viazi, alisema bila kuinua macho:

"Baba watoto, nimepata leseni."

"Leseni ya nini?"

"Ya udereva. Nimefundishwa wiki tano. Na Mpole."

Mpole alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, aliyeanguka mtihani mara tatu na kulitia gari la mafunzo mtaroni mchana kweupe, barabara ikiwa tupu. Siku hizi alikuwa na shule yake ya udereva, chumba kimoja juu ya duka la vioo, na vigari viwili vya otomatiki.

Tangu siku hiyo chakula kilimwingia Mwalimu kama pamba. Hakumshuku mkewe kwa jambo la aibu. Angemshuku, angalau angejua pa kuanzia. Kilichomsokota roho ni wepesi wa mkewe kulitaja jina lile. Mpole anasema kioo hutazamwa kabla ya kuwasha. Mpole anasema barabara haikimbii. Maneno hayo hayo Mwalimu alikuwa ameyapigia kelele robo karne, na hakuna aliyewahi kuyarudia mezani kwa tabasamu.

Jumamosi walikwenda yadi ya magari. Palikuwa na vigari viwili vya aina moja na mwaka mmoja, chekundu cha gia za mkono na cha kijivu cha otomatiki. Mwalimu alikuwa amejiandaa kama wakili.

"Hiki chekundu hakili mafuta sana," alisema, akigonga boneti. "Betri ikifa, kinasukumwa kidogo, kinawaka. Klachi ikiisha, fundi yeyote anabadilisha. Gia za otomatiki zikiharibika, hapo ndipo utajua hujui."

"Na foleni ya asubuhi?" mkewe aliuliza. "Nikanyage na kuachia, kukanyaga na kuachia, na goti hili?"

"Goti litazoea."

"Magoti ya miaka hamsini hayazoei, mume wangu. Yanaagana."

Muuza magari aligeuka pembeni akacheka. Hapo Mpole akaingia getini, shati limepigwa pasi. "Nimemwomba mwalimu wangu aje atazame pia," mkewe alisema.

Mwalimu wangu. Mwalimu alilisikia neno hilo, akaigonga boneti tena.

"Shikamoo, Mwalimu," Mpole alisema, ameinama kidogo.

"Marahaba." Kisha, kwa haraka kuliko alivyokusudia: "Nipe funguo za hicho cha kijivu. Nikiendeshe mwenyewe, niwaonyeshe kilivyo kizito."

Wakaingia wote, mkewe mbele, Mpole nyuma. Mwalimu alitoka getini vizuri. Walipoanza kupanda mlima, mazoea yakamshika. Mguu wa kushoto ukatafuta klachi, ukakuta breki, ukaikandamiza hadi sakafuni. Gari likasimama ghafla, mkewe akashika dashibodi kwa mikono miwili, na nyuma yao honi zikalia.

Alingoja kicheko. Alikitamani hata, apate sababu ya kukasirika. Lakini Mpole alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mguu wa kushoto uache upumzike, Mwalimu. Tuna muda."

Wakarudi yadi. Mkewe akachukua cha kijivu.

Kwa wiki mbili Mwalimu alikataa kukipanda. Alikwenda kazini kwa miguu, jua likimchoma, na mkewe alipompita alijifanya anasoma mabango. Siku moja mvua ilimrudisha nyumbani chepechepe. Mkewe alimpa taulo.

"Unamwonea wivu yule kijana," alisema.

"Mimi? Mtu aliyepaki mtaroni?"

"Unamwonea."

Mwalimu alifuta uso, akaendelea kuufuta hata ulipokauka. "Nilikuona naye siku moja, kabla hujaniambia, nikadhani ni mtu mwingine," alisema. "Pale kwenye mzunguko. Gari lilikuwa limesimama katikati ya njia, na ulikuwa unacheka. Kwangu hukuwahi kucheka."

"Kwako nililia. Hukuona, ulikuwa unatazama klachi." Mkewe alikaa kwenye kiti. "Kazini kwangu hatupigi kelele. Mama akikemewa anakaza mwili, na mtoto hatoki. Mimi nami nilikaza."

Mwalimu hakuomba msamaha siku hiyo. Lakini Jumapili alimwomba mkewe ampeleke uwanja wa mpira, akakaa kwenye usukani, mguu wa kushoto ameukunja chini ya kiti. Mkewe alimwelekeza kwa maneno machache. Mzunguko wa tatu alifunga breki vizuri.

Walipokuwa wakirudi, mkewe akiendesha, kigari cha Mpole kilitokea upande wa pili na kupiga honi. Mkewe akajibu. Mwalimu alitazama nje kupitia dirisha la kwake kitambo, kisha akainua vidole viwili, mkono wenyewe ukabaki pajani.

"Amekuona," mkewe alisema.

"Angalia mbele," akajibu, na kisha, kwa sauti ya chini, "tafadhali."