Hita Isiyo na Tangi

Rial arubaini na baisa mia tano. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, kwanza kwa vidole kisha kwa simu, na haikupungua. Thalathini na mbili hita yenyewe, saba fundi, tatu na nusu waya mnene ambao fundi alikumbuka kunitajia akiwa keshapanda ngazi. Toa mbili alizonipa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa hita kuukuu.

Ile kuukuu ilikuwa na tangi la lita themanini, imetundikwa ndani ya stoo baina ya chumba changu na bafu, hapa nyumbani kwangu Hail, Maskati. Tuliitia tulipokuwa watu sita. Sasa mama watoto yuko makaburini mwaka wa tatu, watoto wametawanyika, na hita nayo ilianza kuchuruzika kutu.

Binti yangu anaishi Uingereza, hunipigia simu kila Ijumaa. "Baba, hiyo hita itakupasukia siku moja, na nani atajua?"

"Watajua watu wa bili ya maji," nikamjibu.

Hakucheka. Akaniambia wao wameng'oa boila lao la zamani pamoja na tangi lake, wametia dogo la ukutani. Ukifungua mfereji, maji yanapata moto hapo hapo. Khalafu akasema jambo jengine, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Watakuja majira ya joto, wiki tatu, yeye na watoto wawili. "Wakipazowea, tutakuwa tunakuja kila mwaka."

Nikaenda Mawaleh, kwenye duka la mtu wa kwetu, Mswahili wa Unguja kama mimi.

"Nyumbani mko wangapi?" akaniuliza.

"Bei kwanza."

"Bei inafuata watu, sheikh wangu. Mko wangapi?"

Nilitaka kusema sita. Nikasema, "Mmoja."

"Mmoja pamoja nawe?"

"Mmoja ndiye mimi."

Akateremsha rial tatu kabla sijaomba. Tangu nianze kununua vitu sijapata punguzo lililonikera kama lile. Nikambana anipunguzie na moja zaidi, ili angalau ionekane tumefanya biashara.

"Kwa mtu peke yake, tangi la nini?" akasema huku anaandika risiti. "Chukua hii ndogo."

Ilikuwa Februari, na kusema kweli hita ilifanya kazi vizuri. Siku nyengine nilifungua mfereji bila ya haja yoyote, nisikie tu kitu kinawaka ndani ya nyumba.

Sasa, asiyekaa Maskati inabidi aelezwe. Maji ya nyumba hukaa kwenye tangi kubwa juu ya paa, na kuanzia mwezi wa tano jua hulipika tangi hilo. Maji yanayoitwa ya baridi ndiyo yanayounguza. Kwa hivyo sote hufanya hivi: tunazima hita, na lile tangi lake, kwa kuwa liko ndani karibu na kiyoyozi, linakuwa akiba ya maji ya kuogea. Mfereji mwekundu unatoa baridi, wa buluu unatoa moto. Nimeishi hivyo zaidi ya miaka thalathini, wanangu wote nimewafundisha mimi. Na tangi hilo nimeliuza kwa rial mbili.

Walifika mwisho wa mwezi wa saba. Binti yangu akampeleka mdogo bafuni, msichana wa miaka minne, na kwa mazoea yake ya utotoni akafungua mwekundu. Mtoto akalia.

"Baba, hukuzima hita?"

"Imezimwa tangu mwezi wa nne."

Akajaribu buluu, akautoa mkono haraka. Akaenda stoo, akatazama ukuta. "Tangi liko wapi?"

"Si ulisema nyie mmelitoa?"

"Baba. Kwetu kule maji ya mfereji yanauma meno."

Kwetu. Nililisikia hilo neno, nikaliacha lipite.

Nikanunua ndoo saba, nikazijaza na kuzipanga ukumbini chini ya kiyoyozi zipoe. Mjukuu wangu mkubwa akaniuliza kama nnafuga samaki. Nikamwambia bado wako njiani. Siku mbili akawa anakagua ndoo kila asubuhi. Ya tatu akaacha. Siku ya tano mdogo amejaa vipele vya joto na hataki kusikia neno kuoga, na mama yake akasema shangazi wa mumewe, aliyeko Bausher, tangi lake limezikwa chini ya ardhi.

"Siku mbili tatu tu, baba."

"Nendeni. Mtoto asiteseke."

Walikaa huko mpaka mwisho. Kwangu walikuja kula mchana, wakija washaogeshwa, wananukia sabuni ya nyumba ya watu.

Uwanja wa ndege nikamuuliza, "Mwakani?"

"Tutaona, baba. Watoto wamependa sana samaki wa kupaka."

Nililipima jawabu hilo njia nzima ya kurudi. La samaki nililielewa.

Basi nnawauliza mnaosoma na mnaokaa mji huu. Wengine wananishauri nijenge kibanda cha kivuli juu ya tangi la paa, wengine nichimbe nilizike, na fundi anasema nirudishe tu hita ya lita themanini nisahau yaliyopita. Pesa zitapatikana. Ninachotaka kujua ni lipi linalofaa kweli jua la mwezi wa saba likipiga, na nimwambieje binti yangu kwenye simu kwamba maji yamepoa, asione nnamwomba. Aliyewahi kufanya anijulishe kabla ya Januari. Tiketi zao za likizo hukata Januari.