Cherehani ya Mama Mukwe Mbele ya Mashini ya Sataranji

Shule niliiachia darasa la nne la primere, lakini leo nina boti tatu kwenye ziwa hili, na hakuna mwenye diplome hapa Kalemie anayeweza kunifunga kwenye sataranji. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mchezo huo nilifundishwa bandarini na fundi mmoja wa meli, na shukrani yangu ilikuwa samaki wetu wa migebuka wa kukaanga. Yeye ndiye aliyenionyesha mechi ya bingwa mmoja wa dunia aliyemtoa malkia wake aliwe bure, watu wakadhani ana wazimu, halafu akashinda. Mechi ile naijua kuliko ninavyoijua Baba Yetu, Mungu anisamehe.

Na mechi hiyo ndiyo iliyonipa mke.

Wakati wa uchumba nilikuwa naleta kwa boti vitu vya mama mukwe kutoka Moba, pamoja na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya chuma. Karibu na Zongwe ziwa likachafuka, maji yakaanza kuingia. Nikaitupa cherehani. Tukafika wazima. Wajomba wa mchumba wakaniita kwenye kikao, nyuso zao za msiba. Mimi nikatandika ubao, nikawapangia mechi ya bingwa, nikamtoa malkia mbele ya macho yao.

"Wazee, muntu mukubwa anatoa kitu kikubwa ili mfalme apone."

Wakapiga makofi. Nikapewa mke.

Mama mukwe peke yake hakupiga. Kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani wala hawasemeshani. Maneno yote yanapitia kwa mke. Mwiko huo unalegea siku mama anapokula nyumbani kwako. Siku hiyo njo unakuwa mutoto wake kweli. Wangu, miaka yote, akija kutusalimia anakuja na sufuria yake imefungwa kwa kitenge, anakula uani, uso ukutani. Kwa muntu mwenye boti tatu!

Mwaka huu kitinda mimba wetu alipopokea komunyo ya kwanza, nikasema basi. Nilikuwa nimeweka kwenye simu programu ya sataranji ambayo hata mabingwa wa dunia hawaifungi tena. Nikamwita mke wangu kwa sauti ili wageni wote wasikie:

"Mama, umuambie mama yako kwamba leo mashini itakata maneno. Ikisema bingwa alifanya vizuri, atakula kwangu."

Nyuma ya pazia la mlango sauti ikatoka, ikimuuliza binti yake, siyo mimi:

"Na ikisema alikosea?"

"Ikisema alikosea," nikamjibu mke wangu, aliyesimama katikati yetu, "sitamuomba tena mpaka nife."

Nikapanga mechi, nikamtoa malkia. Mashini ile inaonyesha namba; namba ikiwa na kistari mbele, ujue unapigwa. Kistari kikatokea. Nikawaambia wageni inafikiri bado, hata jaji anakohoa kwanza. Kistari kikakaa, namba ikapanda ikafika tatu. Simu ikawaka moto kama pasi. Nikaifunga kwenye plastiki, nikaiweka kwenye sanduku la barafu katikati ya migebuka, ifikiri kwa ubaridi. Mchana wote wageni wenye suti za kanisani walikuwa wanafunua sanduku, wanainama, wanasoma, wanafunika.

Hukumu haikubadilika. Bingwa alikosea. Alishinda tu kwa sababu mwenzake aliogopa akakimbiza mfalme ovyo. Mashini ikaonyesha hata alichopaswa kufanya: kusogeza askari wa pembeni hatua moja, malkia abaki kwake.

Ningeweza kudanganya, maana hakuna pale aliyejua maana ya kistari. Lakini kwenye sataranji mimi sidanganyi. Nikasema yote.

Pazia likatikisika. "Umuulize mume wako: ndani ya boti, huyo askari wa pembeni alikuwa nini?"

Swali la akili, nakubali. Nikapanga boti yote kwenye ubao. Cherehani, malkia. Magunia ya maharagi ya Kirungu, ngome. Mbuzi wawili, farasi. Mimi mwenyewe, mfalme. Nikasimama nyuma kidogo watu waone.

Mke wangu akaangalia ubao, akaniangalia.

"Papa, na mabafle yako?"

Yalikuwa mabafle mawili makubwa ya muziki, niliyoyapata Moba kwa ajili ya arusi yangu. Nikasema na hilo: katika dhoruba ile nilikuwa nimeyalalia kwa tumbo ili maji yasiyafikie. Sikuwahi kuona kwamba yanahusika.

Mama mukwe akafunua pazia. Akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Mukwe." Wageni wakashika vinywa. "Ile cherehani ilinilelea watoto sita. Ulitupa malkia wangu, ukalalia ngoma zako?"

"Ndiyo, Mama."

"Zilipiga vizuri?"

"Vizuri sana, Mama. Watu walizisikia mpaka ng'ambo ya mto Lukuga."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango, kilemba kikaangukia bega.

"Miaka yote hii namuchukia huyo bingwa wa Wazungu, hata kwenye sala nakataa kumuombea," akasema. "Kumbe ni wewe tu!" Akavuta kiti, akaketi mezani kwangu. "Leteni bugali, nina njaa. Na huyu aende kula kwa jirani."

Nikaenda. Sombe ya jirani, majani yale ya muhogo, haikuwa na chumvi. Lakini kutoka ng'ambo ya ua nilimsikia, kwa masikio yangu, akiomba samaki wa sangala mara ya pili. Niulizieni hapa Kalemie ni wangapi ambao mama mukwe wao aliomba sangala mara ya pili.