Goli lilikuwa tupu, Juma hakupiga

Jamani, leo nimeona mwanaume mzima anakalia mpira na kulia.

Asubuhi tulipata habari: Sumaku, kipa wetu aliyestaafu akarudi nyumbani, kaanguka ghafla kwake Tanga. Kafa.

Sasa Ijumaa ndiyo siku yetu ya mechi hapa Muaither, huku ughaibuni tunakofanya kazi. Tukakubaliana, kwa heshima yake leo hakuna mtu kukaa golini.

Haukupita muda, Juma dereva akabaki yeye na goli tupu. Huyu alicheza dhidi ya Sumaku miaka kibao, hakuwahi kumfunga. Kila wiki anatuapia: "Nikienda likizo Tanga, namfunga yule mzee!"

Tukapiga kelele, "Funga, Juma!"

Akafika kwenye mstari, akaukalia mpira.

"Nimfunge nani sasa?"

Mliomwona Sumaku akidaka, mwambieni Juma neno. Sisi tumeshindwa.