Chai ya Maziwa Kabla ya Kipimo cha Ini

Tuliondoka Bugarama kwa sababu macho ya mume wangu, Baba Kulwa, yalikuwa ya njano wiki ya tatu. Daktari wa zahanati alisema twende Shinyanga kwa altrasaundi, waangalie mishipa ya ini na mirija ya nyongo. Kama ni jiwe limeziba, linatolewa. Kama ni uvimbe, hiyo habari nyingine. Akasisitiza asubuhi ya kipimo asile.

Kahama tulibadili basi. Mimi nasali rozari, yeye anajikuna mwili mzima.

Jioni tulifika Kambarage, mjini Shinyanga, kwa wifi yangu, dada yake mkubwa. Nikamwambia, "Wifi, kesho asubuhi huyu hali." Akaitikia tu.

Alfajiri nilikwenda misa, kisha nikampitia, tukaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, akampaka jeli ya baridi, akapitisha kifaa ubavuni.

"Baba, umekula?"

"Hapana."

"Mbona mfuko wa nyongo umesinyaa? Na gesi hii yote?"

"Labda chai."

"Ya rangi?"

"Ya maziwa." Akatazama ukuta. "Na matobolwa. Kidogo."

"Viazi vikavu juu ya maziwa! Mshipa mkubwa wa ini nauona, damu inapita. Mwisho wa mrija umefichwa na gesi. Rudini kesho."

Nje nilimgombeza. Akasema, "Dada kasimama na kikombe mkononi. Ningekataaje?"

Tuliporudi Kambarage, wifi alinikabili mlangoni. "Ulisema hali. Nikajua ni mifungo yako ya kanisani, unamfungisha mgonjwa! Ndugu yangu atoke kwangu na njaa?"

Nikaketi jikoni, nikamweleza: chakula kinakamua mfuko wa nyongo, gesi inaziba picha.

"Sasa hayo si ungesema jana, Mama Kulwa?"

Kesho yake wifi hakuwasha moto. Alikaa na njaa pamoja nasi.

Hospitalini daktari alinionyesha kwenye skrini: mrija mweusi, na mwishoni kitu cheupe chenye kivuli nyuma yake.

"Jiwe. Uvimbe sioni, na mishipa mizima."

Nikafanya ishara ya msalaba. Baba Kulwa akauliza, "Sasa naruhusiwa kula?"

Tumerudi Bugarama na tarehe ya kwenda kulitoa. Kufunga nimefundishwa tangu utoto, na nilidhani neno langu moja linatosha kwa kila mtu. Siku ile tuliipoteza kwa sababu yangu. Wifi alikuwa anamtunza ndugu yake kwa kadiri nilivyomwambia.