Siku Nzima na Ndeshi Mjini Moshi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sitasimama kukubembeleza uniamini. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na haukuwa usiku. Yalinikuta mchana kweupe, Jumamosi, katikati ya mji wa Moshi, watu wakipita na vikapu vyao. Na kabla ya hapo mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wasimulizi wa mizimu waende wakalale.

Lazima kwanza nikwambie ubaya wangu, maana bila huo hutaelewa kitu. Ndeshi alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi kule Masama. Mumewe, Baba Aika, alipougua, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda siku aliyomwambia mdogo wake kwamba kihamba chao, shamba lile la migomba na kahawa walimokuwa wakiishi, kibaki kwa Ndeshi na watoto. Mdogo mtu akaitikia. Ndeshi alikuwa jikoni, kwa hiyo tuliosikia ni wawili tu, huyo mdogo mtu na mimi.

Baba Aika akafa, akazikwa katikati ya migomba yake, na matanga hayajapoa mdogo mtu akadai kihamba ni chake. Ukoo ukaniita niseme nilichosikia. Unajua nilisema nini? Nilisema sikusikia vizuri. Yule bwana alikuwa anashirikiana na mume wangu kununua kahawa, ndiyo kwanza watu binafsi walikuwa wameruhusiwa, na mimi niliangalia tumbo langu. Ndeshi akatolewa na watoto watatu, akarudi kwa mama yake Machame. Hata kaburi la mumewe akawa halifikii. Hatukusemezana miaka miwili.

Basi, Jumamosi hiyo nafagia uwanja kwangu Shirimatunda, namwona Ndeshi getini. Amevaa gauni la kijani, kilemba kimekaa vizuri kichwani, anacheka. Akaniambia, "Acha ufagio, twende mjini tukatembee kama zamani." Jamani, nilifurahi mpaka nikasahau kubadili ndala. Sikuuliza kitu. Wewe ungeuliza?

Tulikwenda kwa miguu, polepole, tukichekana. Sokoni Mbuyuni walikuwa wanafungua marobota ya mitumba, nikajaribu koti la manyoya la watu wa nchi za baridi, Ndeshi akacheka mpaka akashika kiuno. Tukapita kwenye maduka ya Wahindi tukipapasa vitenge bila nia ya kununua, mwenye duka mmoja akatukodolea macho, nikadhani ni kwa sababu anatujua tangu enzi za shule kwamba hatununui. Tukazunguka mnara wa saa, tukaingia mgahawani. Mhudumu akaniletea chai na sambusa, kisha akauliza, "Na baba anatumia nini?" Nilidhani anaongea na meza ya nyuma. Ndeshi akasema hana njaa. Wakati huo wingu lilikuwa limefunguka, mlima unaonekana wote juu ya mabati ya mji, na mimi nikawa najiambia kwamba hii ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu niolewe.

Mchana tukaenda kukaa kwenye benchi pale stesheni ya reli. Treni za abiria zilikuwa hazionekani tena, palikuwa kimya, kuna mama mmoja tu anachoma ndizi. Ukimya ule ukanishinda. Nikaanza kulia. Nikamwambia Ndeshi anisamehe, kwamba nilisikia kila neno na nikadanganya.

"Unaniomba kwa mdomo mtupu?" akasema.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake, na mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nikaona kweli nimekosa adabu. Nikakimbilia kwenye ua wa nyumba moja karibu na stesheni, nikachuma jani, nikarudi, nikapiga goti mbele yake nimelishika kwa mikono miwili.

Hakulipokea. Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka, niamini, haikuwa ya mwanamke. Ilikuwa sauti ya Baba Aika, ile nzito ya mvuta tumbaku, niliyoisikia mara ya mwisho pale kitandani.

"Mpelekee mwenyewe, shemeji. Au na leo hujasikia vizuri?"

Mkojo ulinitoka, sioni haya kulisema. Uso ulikuwa wa Ndeshi, gauni la Ndeshi, lakini aliposimama na kuvuka reli alichechemea mguu wa kushoto, kama marehemu alivyochechemea tangu aangukiwe na gogo. Alipita nyuma ya behewa bovu na hakutokea upande wa pili. Mimi nimebaki nimepiga goti na jani langu. Yule mama wa ndizi akaja kuniinua.

"Pole, mama. Mmegombana? Nilijua ni mumeo, maana mmekaa naye hapa muda wote."

Nikamwuliza mume gani. Akasema, si huyo baba mwenye koti jeusi, anayechechemea. Koti jeusi ndilo tulilomzika nalo Baba Aika. Nilimshuhudia kwa macho yangu akivalishwa.

Alasiri ile ile nikapanda pikapu iliyobeba majani ya ng'ombe mpaka Machame, isale mkononi. Ndeshi wa kweli nilimkuta zizini kwa mama yake, kanga kuukuu kiunoni, anamnywesha maziwa ndama aliyezaliwa jana yake. Siku tatu alikuwa hajatoka nyumbani. Nilipiga goti kwenye samadi nikamwambia yote, na isale akaipokea. Baadaye nilisimama mbele ya ukoo nikasema nilichosikia, neno kwa neno, shemeji yake akinitazama. Kihamba kilirudi. Mume wangu alipoteza ushirika ule, na mpaka leo tukigombana tunaanzia hapo. Hilo nalibeba, ni langu.

Kinachoniuma ni kingine. Pale zizini, nilipomaliza kusimulia, Ndeshi aliuliza kama mumewe alionekana mwenye afya. Nikasema alicheka mpaka akashika kiuno. Akauliza, je, alimtaja yeye au watoto? Nilitamani kudanganya, lakini uongo ndio ulionifikisha pale. Nikasema hapana.

"Miaka miwili namwita," akasema, "hata ndotoni haji. Wewe amekutembeza siku nzima."

Ule uongo amenisamehe. Siku ile moja hajanisamehe. Tukikutana tunasalimiana, tunazikiana, lakini nikifika kwake tunaongelea nje. Na simlaumu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama umekaa na neno la marehemu na kuna mjane analisubiri, nenda kaliseme leo. Usingoje mwenyewe arudi kulidai. Mimi nadhani Baba Aika alipewa siku moja tu ya kurudi duniani, angeweza kwenda kukaa na mkewe, na mimi nikamlazimisha aimalizie kwangu.