Breki Zilizomtia Nyangi Shaka

Nyangi alikuwa dereva wa mizigo katika kambi ya watalii karibu na Robanda. Kwa miaka tisa aliendesha gari kuukuu la kambi, akileta mboga, gesi na mashuka kutoka Mugumu. Gari lile lilimzoesha kwamba kwenye utelezi breki unakanyaga kidogo, unaachia, unakanyaga tena. Kambi ilipoleta gari jipya, ufunguo alipewa yeye. Dereva mwenzake, Method, alikuwa ameutarajia. Alimpongeza huku akiangalia pembeni, na Nyangi akaliona hilo.

Wiki ya pili, mvua ikiwa imenyesha, ndama alikatiza barabara. Nyangi akakanyaga breki kwa nguvu. Pedali ikaanza kutetemeka na kugonga chini ya mguu wake, na mlio wa kukwaruza ukasikika mbele. Akashtuka, akaachia. Gari likamkosakosa ndama, likaingia mtaroni.

Hakuumia. Lakini akiwa bado amekaa pale, matairi yamezama kwenye tope, jina lililomjia lilikuwa moja tu: Method.

Hakumwambia mtu. Kesho yake alizipaka nati za magurudumu rangi ya kucha, ili ajue zikiguswa. Akaacha kunywa chai na Method. Siku moja alimkuta amesimama kando ya gari, akamuuliza anatafuta nini. Method akajibu, "Kivuli." Jumatatu, rangi kwenye gurudumu moja la nyuma ilikuwa imebanduka.

"Umelegeza nini kwenye gari langu?" alimuuliza mbele ya wapishi.

"Nilibadilisha tairi jana, dada. Ulikuwa kanisani. Nilipata pancha nikimpeleka mgeni zahanati."

"Na breki?"

"Breki sijazigusa."

Hakumwamini. Meneja akawatuma wote wawili kwa fundi Simioni, Mugumu.

Mzee Simioni alimsikiliza Nyangi akieleza pedali ilivyotetemeka, akakagua magurudumu yote manne, akachomeka kifaa chake cha kupimia, hakuona kosa. "Gari hili lina ABS," akasema. "Tairi likitaka kujifunga na kuburuzika, mfumo unaachia breki na kushika tena, haraka kuliko mguu wako. Ule mtetemo ndiyo kazi yake. Ukiinua mguu, unaikatiza."

"Mzee, hayo umeambiwa na Method?"

Simioni akachomoa kifaa chake. "Twende kwenye bwawa la Manchira, ujionee."

Kwenye barabara tupu ya changarawe, karibu na bwawa, aliweka dumu tupu katikati. "Kanyaga mpaka mwisho, usiachie, ulikwepe kwa usukani. Kwenye changarawe gari litachelewa kusimama, kwa hiyo usizoee mwendo kasi. Lakini usukani utakutii."

Mara ya kwanza mguu wa Nyangi uliachia wenyewe, dumu likapondwa. Mara ya tatu alishikilia. Pedali ikagonga, gari likapinda, likapita pembeni ya dumu na kusimama.

Wakirudi Robanda, alisema bila kugeuka, "Method, nilikukosea."

"Wapishi wote wanajua nililegeza breki," Method akajibu. "Utawaambia nini?"

Aliwaambia jioni ile ile, mmoja mmoja. Wawili walimwamini. Wa tatu, Winfrida, alitikisa kichwa kwamba ameelewa, akaendelea kumenya viazi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama huyo fundi Simioni si ndugu yake Method.