Mkono Wenye Kitu

Juzi nilimsindikiza binti yangu kwa rafiki zake, Dar es Salaam, nikawakuta vijana wameizunguka meza, wanarusha dadu zenye pembe nyingi na kubishana hadi mishipa ya shingo imewatoka. Walikuwa wakibishania mchawi aliyeshikwa mikono katikati ya vita: anaweza kutupa uchawi au hawezi? Mmoja alifunua kitabu cha sheria, mwenzake akadai sheria imesomwa kwa upendeleo. Binti yangu akaniona nimesimama mlangoni nimekunja uso. "Mama, una nini?" Nikamwambia ni uchovu tu. Wewe nitakueleza, maana wewe hutanicheka.

Nilikulia Kibiti, miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kujaa minadani na maduka yakapata sabuni za kila rangi. Barabara ilikuwa mchanga bado, na malori ya Kusini yalipumzika kwetu kabla ya kwenda kusubiri kivuko cha mto pale Ndundu. Bibi aliyenilea alikaa kando ya barabara hiyo na jiko lake la udongo, akikaanga vitumbua vya mchele wa bondeni. Mchele tuliutwanga wenyewe, yeye upande huu wa kinu, mimi upande ule, na harufu ya tui na iliki ilikuwa ikiamsha mtaa kabla ya adhana.

Jirani yetu alikuwa afisa mmoja, mtu wa bara. Mwanawe alisoma bweni Nairobi, na likizo moja akarudi na mchezo ambao hatukuwahi kuuona. Haukuwa na ubao kama ludo. Kila mtoto alijitungia mtu wake, shujaa au mwizi au mchawi, akaeleza kwa mdomo anachofanya, kisha dadu ikaamua kama amefaulu. Kitabu cha sheria kilikuwa cha Kiingereza, na mwenye Kiingereza alikuwa yeye peke yake. Basi sheria ikawa anachosema yeye. Alikuwa msimamizi, na humohumo mchezoni alikuwa na mchawi wake aliyetupita wote.

Kila siku tukitoka chuo cha Kurani, juzuu bado zi kwapani, tulijaa barazani kwao. Mimi pia nilichagua uchawi. Nilimpa mchawi wangu ngao ya ngozi ya kiboko na nikampenda kama ndugu. Ilikuwapo sheria moja zaidi, nadhani aliitunga mwenyewe: ambaye mtu wake amekufa, anatumwa na waliobaki mpaka magharibi, na hana ruhusa ya kukataa.

Siku ya vita vyangu vya kwanza tulivamiwa na majitu ya pangoni. Nikasema, "Natupa radi!"

Mtoto wa afisa akafunua kitabu, akakitazama, akakifunga. "Umeshika nini?"

"Fimbo na ngao."

"Mkono wenye kitu haufanyi uchawi."

"Lakini ngao yenyewe ni ya uchawi!"

"Kitu ni kitu."

"Haya, naiangusha."

"Kuangusha ni zamu nzima. Zamu yako imekwisha." Akarusha dadu, majitu yakanimaliza. Nilipoanza kulia alicheka, kisha akasema mbele ya wote, "Uchawi wa kitabu hamuuwezi nyie. Kamwombe bibi yako akufundishe ule wa kwao, anaoukaangia vitumbua."

Wewe unajua pwani yetu. Neno hilo kwa mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake na mjukuu, si mzaha. Nilichota maji ya pipa lao mpaka mikono ikachubuka, lakini siyo maji yaliyoniuma. Kesho yake watoto waliopita kwa bibi walivuka barabara upande wa pili. Keshokutwa yake, mama zao pia. Vitumbua vilianza kulala. Bibi alivifunika kawa, akasema, "Labda watu wamechoka utamu," akanipa mimi nile.

Sikumwambia mtu. Niliutunza moto wangu kama unavyotunzwa moto wa jikoni, chini ya majivu. Nikarudi barazani, nikaomba mtu mwingine, mtupa mawe dhaifu ambaye hakuna aliyemtaka. Nilicheka wakicheka. Nilibeba mizigo ya wenzangu mapangoni. Na kila alichotamka mtoto wa afisa kuhusu uchawi nilikishika kichwani kama ninavyoshika aya.

Likizo ilipokaribia kwisha tukafika kwa joka. Baraza lilijaa, hata watoto wa kijiji cha Mtawanya walikuja kutazama. Mlangoni mwa pango palikuwa na upanga wa mfalme, na mimi ndiye niliyeuokota. Wote walidhani nitaung'ang'ania. Nikasema, "Huu unamfaa mchawi mkuu."

Macho ya mtoto wa afisa yaling'aa. "Nauchukua. Mkono wa kushoto." Kulia alikuwa na fimbo, haiachi kamwe.

Joka likatoka. Akasimama, akapaza sauti, "Natupa moto!"

"Kwa mkono upi?" nikauliza.

Akatazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine.

"Fimbo haihesabiwi," akasema. "Ni ya uchawi."

"Kitu ni kitu."

"Basi naangusha upanga."

"Kuangusha ni zamu nzima."

Akakimbilia kitabu, akapekua kurasa. Wenzangu wakaanza kupiga makofi, "Ulisema! Ulisema!" Mtoto mmoja wa Mtawanya akamshikisha dadu. Alirusha yeye mwenyewe, na joka likamla mchawi wake.

Sasa alikuwa wa kutumwa. Wengine walitaka achote maji. Nikasema hapana, huyu wangu. Nikamwongoza hadi kwa bibi, baraza zima nyuma yetu, nikamwambia, "Kula. Kula mbele ya wote."

Bibi hakujua lolote. "Karibu, mume wangu, kaa mkekani," akamwambia, akamchagulia vile vya moto. Alikula machozi yakimdondokea sahanini, nami nilihesabu kila tonge kwa raha ambayo mpaka leo sijaijutia. Alipomaliza bila kudhurika, mtoto mmoja akanyoosha mkono kuomba, kisha mwingine. Kesho yake mama zao wakarudi.

Afisa alihamishwa, mwanawe hatukumwona tena. Baraza lile limebomolewa, pamejengwa fremu za maduka. Lami imepita, kivuko kimekuwa daraja, na magari hayana haja ya kupumzika kwetu. Mchele wa kutwanga kwa kinu sijui nani anao.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipokwenda kumsalimu aliniuliza habari za yule kijana wa bara aliyekula vitumbua vyake huku akilia kwa utamu. "Mtoto mwenye adabu yule," alisema. Sikumsahihisha hata mara moja. Alikufa akimwombea dua, na ile hasira, ambayo yeye hakuwahi kuijua, imebaki kwangu mimi peke yangu.